Bega la Greda

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao kutoka huku Bulgaria, nchi ambayo asubuhi ya leo tumekuta maji yameganda ndani ya ndoo. Umeamkaje? Lile goti lako linakuruhusu kufika zizini mwenyewe, au bado unamngoja Kaka? Na mvua je, imeshuka hapo Gitting, au mlima unawanyima tena? Nikiwa mazoezini huwa nawaza mambo hayo mpaka mwalimu ananipigia kelele.

Mimi ni mzima kwa namna watu wa kazi yetu wanavyokuwa wazima. Kidole kimoja hakinyooki, na sikio langu la kushoto limevimba na kuwa gumu kama ngozi iliyokaushwa juani. Usishtuke siku utakayoniona. Kila mcheza mieleka wa huku ana sikio la namna hiyo. Chakula kipo. Wana maziwa ya mgando, Mama, yanayokaribia kabisa yale yako, ila hayana ile harufu ya kibuyu.

Kaka, shikamoo. Shemeji Paulina, habari za watoto? Najua wewe ndiye unayesoma barua hii kwa sauti, na hao wawili wamekaa wanakusikiliza. Nina ombi. Humu ndani kuna maneno magumu. Ukiyafikia usiyaruke kwa kumhurumia Mama. Mama ameona makubwa kuliko haya niliyoyaandika. Soma yote.

Mama, nimemshika Greda.

Shemeji, wakati ule ulikuwa bado kwenu Tumati, hujaolewa kwetu, kwa hiyo nitaeleza ili ujue unachokisoma. Shamba la ngano la serikali liliposogea hadi uwanda wetu upande wa Gehandu, tuliambiwa tuhame na ng'ombe wetu. Tukahama. Lakini palibaki bung'eda ya Babu, lile kaburi refu la udongo ambalo ukoo mzima uliungana kulijenga. Jina la Babu siliandiki hapa, kwa sababu Mama ni mke wa mwanawe na halitamki, na wewe nawe ni mke wa nyumba hii. Siku trekta lilipofika pale, Baba alikwenda akasimama mbele ya kaburi na fimbo yake. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Hapa amelala baba yangu. Limeni kushoto, limeni kulia, hapa mpaache."

Msimamizi wa shamba alikuwa ndani ya gari. Hakushuka. Alitoa mkono dirishani akasema, "Mwondoeni huyo." Askari wao mmoja akaruka kutoka kwenye tela. Mtu mrefu, mpana, jina lake Zakaria, lakini shamba zima walimwita Greda kwa sababu chochote kilichosimama mbele yake alikisukuma. Akamkumbatia Baba kwa nyuma, akamwinua, akamtupa juu ya mawe kama mtu anayeshusha gunia. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wawili. Nilisikia nyonga ya Baba ikivunjika. Nikamsikia na Greda akicheka.

Trekta likapita.

Yaliyofuata Mama anayajua. Tulimbeba Baba juu ya ngozi ya ng'ombe. Kituo cha polisi walituambia mzee amejikwaa. Kaka alichukua mkuki, na Mama akalala mlangoni akasema atakayetoka atoke kwa kumkanyaga yeye. Baba hakusimama tena. Ngano ilipoanza kuvunwa juu ya kaburi la baba yake, naye akafa. Msimamizi yule tulisikia alihamishwa, akafia huko alikohamia. Kwa hiyo kwangu mimi alibaki mmoja.

Mlinifikiria nimeingia jeshini kwa kutafuta maisha. Kaka, wewe ulinilaumu sana kwa kukuachia ng'ombe peke yako. Sasa nikuambie. Nilisikia kwa dereva mmoja wa shamba kwamba Greda ameacha ulinzi, amechukuliwa jeshini kwa sababu ya nguvu zake, na anacheza mieleka. Nikawaza hivi: nikimvizia njiani na mkuki, nitafungwa, na Mama atakuwa amepoteza wawili. Lakini kama upo mchezo ambao sheria yenyewe inaniruhusu kumshika yule mtu na kumwangusha chini watu wakitazama, basi mchezo huo nitaujua kuliko yeye.

Kambini nilimkuta sajini mmoja mpole aliyekuwa akifundisha. Alituambia, "Mieleka hii ni ya Kigiriki. Hushiki mguu. Hupigi ngwala. Ni kiunoni kwenda juu tu, kifua kwa kifua." Wenzangu walilalamika kwamba wamefungwa mikono. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, huu ndio wangu, maana ndivyo alivyomshika Baba.

Lakini Greda alikuwa mbali. Nilipokuwa nabeba wenzangu mgongoni kupanda vilima vya kambi, yeye alikuwa timu ya taifa. Nilipoingia timu ya taifa, yeye alikwisha kupelekwa huku ng'ambo kusomea ukocha huku akiendelea kucheza. Nikabaki namfuata nyuma kama mtu anayefuata nyayo za fisi. Nilicheza Lusaka nikashinda. Nilicheza Kairo, Mmisri mmoja mfupi akanigeuza mara mbili mpaka nikaona taa za juu zimekuwa nyingi. Nilicheza Budapest nikapata medali, ile niliyokutumia ukaitundika juu ya kitanda. Magazeti yaliandika kwamba kijana anaipenda bendera. Bendera naipenda. Lakini kila mtu niliyemkamata kifuani, Mama, alikuwa na uso wa Greda. Mwisho wakanichagua nije kusoma hapa.

Na aliyekuja kunipokea stesheni ya treni ni nani? Ni yeye.

Nilimtambua kabla treni haijasimama. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza kurudi nyuma, lakini mabega ni yale yale. Yeye hakunijua. Angenijuaje? Siku ile nilikuwa kijana mwembamba wa machungani, nimefunikwa vumbi. Na jeshini wananiita Daniel, na nilipoulizwa natoka wapi nikasema Singida. Aliniona natetemeka, akavua koti lake akanivika. "Karibu, mdogo wangu," akasema. "Baridi ya huku haina adabu." Nililivaa koti lile. Lilikuwa na joto la mwili wake, nami niliona kama nimevikwa nyoka.

Tulipewa chumba kimoja. Sitaki kusema uongo: alinitunza. Alinifundisha lugha yao, alinionyesha duka la kupata unga wa mahindi, akanisongea ugali siku nilipougua. Alikuwa akiniita mdogo wangu asubuhi na jioni. Kila alipofanya wema, nilikasirika zaidi. Nilitamani awe mbaya. Baba alikufa ametazama ukuta, na mtu aliyemfanya hivyo anauliza kama ugali umeiva!

Halafu ikafika Jumapili moja ya theluji. Hatukuweza kutoka. Tulikuwa sisi wawili na Mzambia mmoja wa riadha, tunakula, tunasimuliana habari za makwetu. Mzambia akamuuliza alianzaje mieleka. Greda akaegemea ukuta, akaanza.

"Nilianzia shamba la ngano, kule Hanang. Nilikuwa askari. Kuna siku Mang'ati mmoja mzee amesimama mbele ya trekta na kifimbo, eti tusilime, kaburi la baba yake. Bosi akaniambia mwondoe. Nikamdaka hivi," akaonyesha kwa mikono, "nikambeba, nikamtua kule. Bosi akasema, wewe kumbe ni mcheza mieleka! Basi, ndio mwanzo wenyewe."

Mzambia akacheka. Mimi nikauliza, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine, "Na kaburi?"

"Tulilima," akasema. "Jembe likatoa mifupa. Bosi akaniambia itupe korongoni. Nikatupa. Kazi ni kazi, mdogo wangu." Na akacheka, Mama. Kicheko kile kile.

Niliinuka nikaosha sahani. Niliziosha zote, hata zile zilizokuwa safi.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wetu, mzee wa hapa hapa mwenye shingo nene kama kisiki. Nikamwambia katika mashindano yanayokuja nataka kupanda uzito. Akanishangaa. "Kwa nini? Kwenye uzito wako unaweza kuwa wa kwanza. Huko juu utakuwa mdogo, watakuvunja."

Nikamwambia, "Huko juu kuna mtu wangu."

Alinitazama sana, kisha akaandika. Tangu siku hiyo nikawa nakula kama anayenenepeshwa. Mikate, maharage, maziwa yale ya mgando bakuli kwa bakuli. Greda alifurahi. "Sasa unakuwa dume," akasema, na akawa ananiongezea nyama kutoka kwenye sahani yake. Nikaila. Nilisema moyoni, nilishe, nilishe vizuri.

Mashindano yalikuwa ya nchi nyingi, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Mzunguko wa kwanza alinipa kazi Mturuki mmoja, nikamshinda kwa pointi. Greda naye akamshinda wake. Walipobandika karatasi ya mzunguko wa pili, tumepangwa pamoja. Akaja akanipiga begani akicheka, "Mdogo wangu, usimuumize mzee wako."

Nikasema, "Tutaona."

Ana nguvu, sitamdharau. Mwanzo alinisukuma mpaka ukingoni, nikahisi kwa nini walimwita Greda. Alipata pointi moja, kisha nyingine. Nikamwacha asukume. Ng'ombe anayesukuma sana hujimaliza mwenyewe, hilo Baba alitufundisha zizini. Alipokuja mara ya tatu nikaingia chini ya kwapa lake, nikafunga mikono yangu mgongoni kwake juu ya kiuno, nikabana mkono wake wa kulia humo humo ndani. Nikamwinua. Nikajipinda nyuma kama upinde, naye akapita juu ya kichwa changu.

Mama, kwa muda ule mdogo nilihisi uzito wote wa yule mtu ukiwa hewani, mikononi mwangu. Nimeufukuza uzito ule tangu kambini mpaka Kairo. Akaanguka kwa mgongo, ukumbi ukalia.

Hakukubali. Alisimamia shingo na visigino, mabega yasiguse chini, maana yakigusa yote mawili ameshindwa. Mimi nilikuwa juu ya kifua chake, mdomo wangu karibu na sikio lake. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Yule mzee wa kaburi, mwenye kifimbo. Mimi ni mwanawe." Nikamtajia jina la Baba, lote, pamoja na la ukoo.

Macho yake yalinigeukia. Aliniona. Kwa mara ya kwanza tangu stesheni, aliniona mimi. Na mwili wake ukalegea, kama kamba iliyokatwa. Mabega yakagusa. Ningeweza kuacha hapo. Mwamuzi alikuwa anajitupa chini kuangalia, filimbi iko mdomoni, bado hajapuliza. Kabla hajapuliza nilivuta ule mkono niliokuwa nimeubana. Nikavuta kwa nguvu zote nilizonazo. Bega likaachana na mahali pake, na mlio wake ulikuwa kama ule wa nyonga ya Baba.

Filimbi ikalia. Nikainuliwa mkono. Yeye akapiga kelele.

Padri wako, Shemeji, atasema kisasi ni kichungu. Mimi naandika nilichokionja. Kilikuwa kitamu. Nilitoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye baridi bila koti na sikuhisi baridi. Niliimba ule wimbo anaouimba Kaka ng'ombe wakirudi. Watu wa huku walipita wakinitazama kama kichaa.

Baada ya hapo sikushinda tena. Kijana mmoja wa hapa hapa alinimaliza mzunguko uliofuata kabla sijatokwa jasho. Mwalimu alinifokea, "Umesimama kama mlango! Umeenda wapi?" Nilimtazama yule kijana, na uso wake ulikuwa uso wake tu. Sikuwa na ugomvi naye.

Nilikwenda hospitali siku iliyofuata. Watu walidhani nimekwenda kumpa pole. Nilikwenda kumtazama. Nilitaka nimwone amelala chali kama Baba alivyolala. Alikuwa amefungwa bandeji kifua kizima, mkono umebanwa kwenye mwili. Daktari alikwisha kumwambia kwamba mieleka basi, na kwamba mkono huo hautapanda tena juu ya kifua.

Tulitazamana. Akasema, "Ungeweza kunivunja shingo."

"Nilikusudia."

"Mbona hukuvunja?"

"Mkono ulikuwa karibu zaidi."

Nilisubiri aombe msamaha ili nimnyime, nilikuwa nimeandaa na maneno. Hakuomba. Alisema, "Mifupa sikuitupa."

Nikamwambia asinichezee. Nilimsikia kwa masikio yangu akisimulia alivyoitupa korongoni.

"Ndivyo nilivyomwambia bosi," akasema. "Na ndivyo nilivyozoea kuisimulia, kwa sababu watu hucheka. Nilifika na gunia kwenye korongo, mikono ikakataa. Bibi yangu aliniambia nikiwa mtoto kwamba mifupa ya mzee haitupwi na mtu anayetaka kuwa na watoto. Nikaogopa. Nikaifukia ndani ya gunia la mbegu lile lile, chini ya mgunga uliobaki mwisho wa shamba. Nikaweka mawe matatu juu. Sijamwambia mtu."

"Unasema hivyo kwa sababu unaniogopa."

"Nakuogopa," akasema. "Lakini mifupa ipo pale. Na migunga mwisho wa shamba ni mingi. Bila mimi hamtaujua upi."

Nilisimama pale, Mama. Niliwaza, kama ningevuta shingo badala ya mkono, Babu angelala ndani ya gunia la shamba mpaka dunia iishe, na mimi ningekuwa nje ninaimba. Sikumwambia hilo. Nilimwambia, "Unarudishwa nyumbani kwa sababu ya bega. Ukifika, kabla ya kwenda kwa mkeo, utakwenda Gitting. Utamuulizia mama yangu. Utamwambia wewe ni nani kwa kinywa chako, kisha utawaonyesha."

"Wataniua."

"Labda."

Alifumba macho muda mrefu. Nikadhani amelala. Halafu akasema, "Nitakwenda." Hakuniita mdogo wangu tena, na hajaniita hivyo hadi leo.

Kwa hiyo, Mama, huyo mtu anakuja. Anaondoka hapa wakati wowote daktari akimruhusu, na natuma barua hii mapema ili imtangulie. Mtamjua kwa mkono. Kaka, nakuomba kama mdogo wako: waite wazee wa ukoo kabla hajafika, wawepo. Msiende shambani bila wao, na msichimbe kwa pupa. Mkimkuta Babu, wazee ndio watakaosema alazwe wapi na bung'eda ijengwe vipi. Mimi nitaomba ruhusa nije kuweka udongo wangu, hata wakininyima masomo.

Mama, najua desturi yako. Mgeni akifika mlangoni kwako unanyoosha mkono kwenye kibuyu kabla hujamuuliza jina. Huyu mpe maji, maana njia ni ndefu na jua la uwandani halichagui. Maziwa asionje. Hata akiwaonyesha mahali penyewe, hata akilia, maziwa ya ng'ombe wa Baba yasipite kooni mwake. Unaweza kumsamehe wewe ukitaka, ni haki yako, sitakuuliza. Mimi sijamsamehe na sitegemei kumsamehe.

Nisalimie Shangazi, dada yake Baba, umwambie nimemkumbuka alivyonyoa nywele zake siku ya msiba wa Baba. Msalimie Mjomba wa Gehandu anayetutunzia wale mitamba. Wasalimie wanangu, watoto wa Kaka, na Mama mdogo aliyetupa pahala pa kulala tulipofika Gitting hatuna kitu. Na wewe, Shemeji, ahsante kwa sauti yako. Kama umesoma mpaka hapa bila kuruka, umekuwa mtu wa nyumba yetu kweli.

Kaka, la mwisho ni lako. Huenda chini ya mgunga mkakuta udongo mtupu, mkajua amenidanganya ili tu nimwache salama pale kitandani. Ikiwa hivyo, usichukue mkuki. Mama asilazimike kulala mlangoni mara ya pili. Mwacheni aende zake na mnitumie habari tu. Mkono wake wa kushoto bado ni mzima, na huo nauhesabu kuwa wangu.

Ni mimi mtoto wako wa mwisho,
Gidashang, ambaye huku wanamwita Daniel